Mtu Waliyemwita Redio

Mume wa Mama Halo alikufa kama alivyoishi, bila kumsumbua mtu. Usiku walilala kama kawaida, na alfajiri mkewe alipomgusa bega kumwambia chai iko tayari, bega lilikuwa limeshapoa.

Jina la Mama Halo alipewa kazini. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa ya mji, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi. Kila aliyepiga simu pale, awe daktari mkuu au mtu anayemtafuta shangazi yake aliyelazwa, alikutana kwanza na ile "halo" yake, nzito na yenye joto, kama ya mtu aliyekuwa akikungoja wewe tu. Watu wengi wa mjini walimjua kwa sauti bila kumjua kwa sura. Ilitokea mara nyingi dukani akaomba apishwe njia, na mtu akageuka na kumkodolea macho. "Samahani, wewe si ndiye wa hospitali?"

Maneno hayakumwishia. Akishinda kutwa anazungumza, jioni alirudi nyumbani na mazungumzo mengine mapya, yale ambayo hakuweza kuyasema mbele ya simu. Aliwaigiza madaktari, wagonjwa, na wale wanaopiga na kusahau walichopigia. Alikuwa na mkono wa kusimulia kama wengine wanavyokuwa na mkono wa kupika.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Alishinda ndani ya mashimo ya maghorofa, tochi kichwani na grisi mpaka viwikoni. Jioni alinawa, akaketi mezani, akala, akamsikiliza mkewe. Au ndivyo mkewe alivyotumaini, maana uso wa yule bwana haukutoa habari. Mkewe angemaliza kisa ambacho kingemtoa mtu mwingine machozi ya kicheko, naye angesema, "Naomba maji." Majirani walisema ndoa ile ilipimwa kwa mizani, mmoja akapewa mdomo na mwingine masikio. Mama Halo mwenyewe aliwaambia wenzake kazini kwamba ameolewa na kabati. "Lakini kabati la mbao ngumu," aliongeza. "Halina mchwa."

Kitu kimoja tu kilimtoa yule bwana nyumbani kwa hiari yake. Kila mwaka, majani mapya yanapochipua na ndege wahamaji kuanza kupita, aliamka Jumamosi kukiwa bado giza, akavaa darubini shingoni, akaenda kwenye hifadhi iliyo nje ya mji. Pale kulikuwa na mwongozaji aliyewatembeza watu kuwatazama ndege wakati wakiwa safarini. Alirudi saa ya chakula cha mchana, viatu vina tope, na mkewe akimuuliza "mmeona nini?" alijibu "ndege." Hakuwahi kumwalika, na mkewe hakuwahi kuomba. Mama Halo aliamini mumewe anakwenda kule kunyamaza na wanyamavu wenzake.

Basi akafa, wakati wa baridi. Wakaja majirani, wakaja mafundi wa lifti na mikono yao mikubwa wasiyojua pa kuiweka, wakaja watu wa hospitali. Mtoto wao wa pekee alisafiri kutoka mji wa mbali anakofanya kazi, akakaa wiki, akarudi kwake. Watu walimsifu Mama Halo kwa ujasiri wake. Ukweli ni kwamba kulikuwa na jambo lililomtia hofu na hakuweza kumwambia mtu. Nyumba haikubadilika. Jioni alikaa mezani mahali pale pale, na mlio wa nyumba ulikuwa ule ule. Kijiko kilichogonga sahani kilikuwa kimoja badala ya viwili, na hilo ndilo lote. Alijiuliza kama aliwahi kweli kuwa na mume, na kama alikuwa naye, mbona hasikii kuwa ameondoka.

Simu ya marehemu hakuizima. Mtu aliyefanya kazi yake miaka yote ile hawezi kuiacha simu ife. Aliichomeka kwenye umeme kila ilipolegea, na ikakaa pale juu ya jokofu bila kulia, mpaka jioni moja ikatoa mlio mfupi. Ulikuwa ujumbe.

"Wageni wameanza kufika. Jumamosi, lango la mashariki, kabla ya jua. Atakayelala asije akalalamika."

Chini ilikuwa imeandikwa "mwongozaji". Mama Halo aliusoma mara kadhaa kabla ya kuelewa kwamba wageni ni ndege, na kwamba wale watu wa hifadhi hawana habari. Nani angewaambia? Hakumjua hata mmoja wao, na wakati wa mazishi hawakumjia akilini kabisa.

Angeweza kupiga. Alishika simu, akaiweka. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu na wale wenye habari mbaya, na yeye mwenyewe hakuwahi kuitoa. Aliona pia si adabu kumwambia mtu kifo kwa simu wakati miguu anayo. Jumamosi akaamka kukiwa giza, akavaa viatu vya mvua na koti la marehemu kwa kuwa la kwake lilikuwa jepesi, akapanda basi la kwanza mpaka mwisho wa njia.

Langoni alikuta watu wachache wamesimama, mikono mifukoni, wanatoa moshi wa baridi midomoni. Mwongozaji alikuwa mwanamke mrefu wa makamo mwenye kofia ya sufu na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kutotisha viumbe. Alimsogelea.

"Karibu, mama. Mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo. Nimekuja kwa sababu..."

"Huna haja ya sababu," mwongozaji alisema. "Darubini tutakuazima. Tungoje kidogo tu, kuna mmoja hajafika."

"Kidogo hicho kitatufikisha adhuhuri," alisema mwanamume mnene aliyekuwa na unga masikioni. Alikuwa mwoka mikate, anatoka kazini wakati wengine wanaamka. "Namjua yule. Atakuja anahema, na kabla hajatoa salamu atakuwa na kisa cha kwa nini amechelewa."

"Mwaka jana alisema lifti ilimkamata," alisema mwingine, kijana mwembamba mwenye miwani ambaye Mama Halo baadaye alijua ni daktari wa meno. Wote walitabasamu.

"Tusimwache," mwongozaji alisema. "Bila Redio huwa nasinzia."

"Redio ni nani?" Mama Halo aliuliza. Neno lile la lifti lilikuwa limeshamgusa mahali, lakini alikuwa bado hajakubali.

"Ni mwenzetu," mwoka mikate alimjibu. "Fundi mmoja hivi. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Utampenda, mama. Ukitembea naye hutaona ndege hata mmoja, lakini mbavu zitakuuma."

Mama Halo alisimama na koti la mumewe mwilini. Alitaka kusema wamekosea mtu. Hospitalini ilitokea, watu kuchanganya majina na kumlilia mgonjwa asiye wao. Akauliza kwa upole, kama alivyouliza kazini mtu anapobabaika, "Huyo fundi, ana kovu hapa, kwenye kidole gumba?"

"La mkanda wa lifti," alisema daktari wa meno. "Unamfahamu?"

"Ni mume wangu," alisema. "Amefariki. Wakati wa baridi, usingizini. Nilikuja kuwaambia."

Mwoka mikate alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Nyuma yao, ndani ya matete, ndege asiyeonekana alikuwa akirudia mlio mmoja kama mlango unaohitaji mafuta. Kisha mwoka mikate akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, shemeji," alisema. "Pole sana, shemeji yangu."

Mama Halo alikuwa na mashemeji wawili tu, wote wa mbali na wote wazito wa salamu. Sasa alikuwa na shemeji mwenye unga masikioni, anayemlilia mumewe waziwazi, na yeye mwenyewe macho makavu.

Alikusudia kurudi na basi lililofuata. Mwongozaji akamwambia basi halitapita mpaka jua liwe juu, afadhali atembee nao kuliko kugandia kituoni. Wakaenda. Njia ilikuwa ya mbao, imepita juu ya tope na maji, nyembamba kiasi cha kumfanya kila mtu atembee na mgongo wa mwenzake. Mwongozaji alisimama hapa na pale na kunong'ona. Wale wadogo wanaokimbia matopeni kama wamechelewa kazini ni chamchanga, alisema, na wamekuja kutoka mbali sana na bado wana mbali pa kwenda. Hapa wanakula tu. Wengine hufika wamekonda hata mfupa wa kifuani unaonekana. Mama Halo alitazama kwa darubini ya kuazima na kuona ukungu, kisha tope, kisha ndege mmoja wa rangi ya tope anayechokonoa chini kwa mdomo mrefu. Hakuinua kichwa. Alichokonoa kama asiye na muda wa kuhurumiwa.

Walipofika kwenye kibanda cha kuchungulia, banda la mbao lenye upenyo mrefu usawa wa macho, watu waliketi kwenye benchi na kuacha pengo pembeni ya dirisha. Hawakuambiana. Waliliacha tu. Mama Halo akaelewa ni pa nani, akaketi mwisho kabisa upande wa pili.

Asubuhi ile hakuna aliyechekesha. Wakati wa kuagana mwongozaji alimwambia, "Jumamosi ijayo tupo. Tungefurahi."

Wiki nzima akiwa kazini alikosea kuunganisha simu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. Mumewe, hana kitufe cha kuzimia? Alijaribu kumwona akiwa amesimama kati ya watu, mdomo wazi, mikono hewani. Picha haikuja. Ilikuwa kama kuambiwa jokofu lako huwa linatoka usiku kwenda kucheza ngoma. Kwanza alicheka peke yake chumbani kwake kusiko na dirisha. Kisha kicheko kikakwama. Kama maneno alikuwa nayo, aliinyima nyumba yake kwa nini?

Jumamosi ya pili alirudi ili aulize. Safari hii mbayuwayu walikuwa wamefika, wengi, wanakata hewa juu ya maji. Watu walikuwa wachangamfu zaidi, na kwa kuwa huzuni ilikuwa imepata wiki ya kupumua, mwoka mikate aliona sasa inaruhusiwa kumkumbuka marehemu kwa mazuri yake. Wakiwa ndani ya kibanda, akamgeukia.

"Shemeji, sisi tunakujua wewe zamani. Hujui tu."

"Mnanijuaje?"

"Ile ya supu," alisema, na daktari wa meno akaanza kutabasamu kabla ya kusikia. "Daktari wa upasuaji, yule mwenye hasira. Kapiga simu anafoka, anataka damu, wewe umemwunganisha na jikoni kwa bahati mbaya, na yeye hata hasikilizi nani kashika. 'Lita mbili, chumba cha upasuaji, mbio.' Akakata." Mwoka mikate aliinua bega na kubana simu isiyokuwepo kati ya bega na shavu, kichwa kimeinama upande, kidole kinazungusha waya. Mama Halo alishtuka. Vile ndivyo alivyoshika simu yeye. "Halafu mpishi anagonga mlango wa upasuaji na sufuria. 'Supu ya daktari hii hapa, kasema mbio.' Na mgonjwa amelala pale hajapigwa dawa ya usingizi bado, anainua kichwa: 'Jamani, ndiyo mnaniwekea hiyo?'"

Wakacheka, wakajiziba midomo ili wasiwatishe bata. Mwongozaji alifuta macho. "Alipoisimulia mara ya kwanza," alisema, "nilipoteza kundi zima la korongo. Waliruka wote."

Mama Halo alikikumbuka kisa kile vizuri. Alikisimulia jioni moja ya mvua, akisimama na mwiko, akiigiza mpishi, akiigiza mgonjwa. Mumewe alikuwa akitoa miba kwenye samaki. Hakuinua macho. Alipomaliza, alisema, "Kesho niamshe mapema."

"Alikuwa na vingine?" aliuliza.

"Vingine? Shemeji, miaka yote hiyo. Yule aliyepiga kuuliza chumba cha maiti."

"Ukampa pole ya msiba," alidakia daktari wa meno, "kumbe mkewe anafanya kazi pale na kaondoka na funguo za nyumba."

"Ukamwambia ashukuru Mungu, wengi wakiingia kule hawatoki hata na viatu."

Walikuwa navyo vyote. Vingine yeye mwenyewe alikuwa amevisahau. Walijua anavyosema "subiri kidogo" kwa namna tatu, ya heshima, ya uchovu na ya dharau. Walijua jina alilompa paka wa jirani. Watu asiowajua, ndani ya banda la mbao katikati ya matete, walikuwa wamekula chakula chake chote, na aliyewapakulia ni mtu aliyekuwa akikaa mbele yake akiomba chumvi.

Walitarajia acheke nao. Badala yake alisimama, akaweka darubini kwenye benchi taratibu, akatoka.

Alitembea haraka juu ya zile mbao, na kila hatua iliwarusha vyura majini. Alikuwa na hasira. Mwongozaji alimfuata mpaka kwenye kona ya njia, akasimama nyuma yake bila kumgusa.

"Tumekukosea, mama."

"Si ninyi. Alikuwa ananicheka."

"Hapana. Hilo naweza kukuapia."

"Basi kwa nini kwangu hakucheka? Hata siku moja. Nilikuwa naongea na ukuta, dada. Miaka yote. Kumbe ukuta unatoka Jumamosi na kunitangaza."

Mwongozaji alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa faraja kwa haraka, na baadaye Mama Halo alimshukuru kwa hilo. "Nilimuuliza siku moja," alisema. "Nilimwambia mlete huyo mkeo, tumsikie mwenyewe. Akasema, 'Nikimleta, mimi nitanyamaza.'"

"Alisema hivyo akicheka?"

"Hapana. Alisema tu. Kisha akaonyesha ndege fulani, nikasahau."

Basi lilikuja, akapanda. Njia nzima aliligeuza neno lile. Nikimleta, mimi nitanyamaza. Lingeweza kuwa la mtu anayemheshimu fundi mwenzake wa kusimulia na kumwachia kazi. Lingeweza pia kuwa la mtu aliyepata kijisehemu kidogo cha dunia ambako anasikika, na anakilinda dhidi ya mkewe kama mtu anavyolinda mshumaa dhidi ya upepo. Lingeweza kuwa yote mawili. Wa kuulizwa hakuwepo.

Siku iliyofuata mtoto wake alipiga, kama alivyofanya kila Jumapili.

"Baba yako alikuwa mcheshi," Mama Halo alimwambia.

"Baba yupi?"

Akamweleza.

"Mama, usikasirike," alisema mtoto. "Pale mezani kwetu, mtu angeingilia wapi? Mimi na wewe tulikuwa tunaongea kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilijifunza kutafuna haraka ili nipate zamu."

"Angesema tu ninyamaze."

"Baba? Aseme unyamaze?"

Wote wawili walicheka kidogo. Walipoagana Mama Halo alipasha chakula, akaketi. Alikuwa na kisa cha wiki ile: bibi mmoja alikuwa akipiga hospitali kila asubuhi kuuliza hali ya hewa, kwa sababu watu wa hospitali hawadanganyi. Kilikuwa kizuri. Kilimjia chote, na sauti ya bibi, na mahali pa kunyamaza kidogo kabla ya mwisho. Akainua macho kukianza.

Ndipo nyumba ilipobadilika. Alikuwa amedhani haina tofauti, kimya cha jana na kimya cha leo, na sasa aliisikia tofauti wazi kabisa. Kile cha zamani kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na mtu ndani yake anayeokota kila neno, analipangusa, analihifadhi mpaka Jumamosi. Hiki cha sasa kilikuwa kitupu, na neno likianguka linaanguka chini. Mama Halo aliweka kijiko. Akalia kwa mara ya kwanza tangu alipomgusa yule mtu bega, akalia vibaya, kwa sauti, kamasi zikichanganyika na mchuzi, mpaka jirani wa juu akagonga mlango kuuliza kuna nini. Alimwambia amefiwa. Jirani alikuwa amehudhuria mazishi. Alisimama pale mlangoni kidogo, akampa pole upya.

Jumamosi iliyofuata hakwenda, na ile ya baada yake mvua ilinyesha. Mwongozaji hakumsukuma. Alituma ujumbe mmoja tu, safari hii kwa simu ya Mama Halo mwenyewe, kusema matembezi ya mwisho ya msimu ni wiki hii na huenda hakuna cha kuona, ndege wengi wameshapita.

Akaenda. Hakuwa na hakika kwa nini. Labda kwa sababu kule ndiko walikokuwa watu pekee waliomjua mumewe akiongea, na aliwaonea wivu, na wivu nao ni aina ya kampani.

Walikuwa wachache. Mwoka mikate alikuwa ameugua mgongo. Matope yalikuwa matupu, na upepo ulikuwa ukiyalaza matete upande mmoja. Mwongozaji aliwatembeza kwa uaminifu kutoka kituo hadi kituo, akaonyesha nyayo, akaonyesha manyoya, akasema walikuwepo wiki iliyopita. Kwenye kibanda Mama Halo alichelewa kuingia, na nafasi iliyobaki ilikuwa ile ya pembeni ya dirisha. Akaketi hapo. Hakuna aliyetazama.

Daktari wa meno alikuwa jirani yake. Alikuwa mtu wa aibu, wa kumalizia visa vya wengine, na kwa muda mrefu alikodolea macho tope tupu. Kisha akaanza kusema, polepole, bila kumgeukia, habari za nyumbani kwake. Aliishi na mama yake mzee ambaye kumbukumbu ilikuwa inamtoka. Kila siku anaporudi kazini mama humfungulia mlango na kumwambia, "Daktari, karibu, mwanangu hayupo." Humkaribisha chai. Humsifia mtoto wake, jinsi alivyo mzuri, jinsi asivyokuja kumwona. "Jana," alisema, "ameniomba nikimwona nimgombeze."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nitamgombeza."

Kilikuwa kisa cha kuchekesha pia, kwa upande mmoja, na yule kijana alikisimulia hivyo, akipima kama kuna mtu atacheka. Mama Halo alihisi majibu kumi yanamkimbilia ulimini, mengine mazuri sana. Hakutoa hata moja. Alitazama mbele, uso umetulia, mikono mapajani. Hakutaka kukigusa. Alitaka kukaa nacho kama kilivyo, na aliogopa kwamba akifungua mdomo kitakuwa chake, kitaacha kuwa cha huyu kijana. Aliposhtuka kijana alikuwa ameshamaliza, na anamtazama kwa wasiwasi.

"Nimekuchosha, mama."

"Hapana," alisema upesi. Akamgeukia kabisa, ili amwone. "Hapana, mwanangu. Nakusikiliza. Endelea."

Akaendelea mpaka mwongozaji alipofunga dirisha la kibanda kwa komeo. Walirudi kwa njia ya mbao, upepo ukiwasukuma. Langoni walipeana mikono. Mwongozaji alisema ndege wale wale watapita tena wakirudi, baridi itakapokaribia, wakiwa na watoto wao, na kama Mama Halo atapenda atamjulisha.

"Nijulishe," alisema.

"Wakati huo hawaimbi," mwongozaji alimwonya. "Wanakuwa kimya, na rangi zimefifia. Watu wengi hawaji."

Mama Halo alisema si neno. Alipanda basi lililokuwa karibu tupu, akaketi nyuma. Nyumbani alivua viatu mlangoni, akafungua madirisha yote mawili ya sebuleni, akasimama katikati ya chumba. Kwa jirani wa juu walikuwa wakisogeza meza. Ilikuwa bado asubuhi, na Jumamosi yote ilikuwa imebaki mbele yake. Akaenda kuchemsha maji.